Uliza Tukujibu: Msimu ambao Villa walipanda, na kwa nini mpaka leo tunausimulia

Wiki hii barua zimekuja nyingi za mpira na karibu zote zinazunguka timu moja, kwahiyo nimeamua ukurasa wote uwe wa Aston Villa ya Uingereza. Wapenzi wa mapishi na mahusiano mnivumilie, toleo lijalo zamu yenu.

SWALI: Habari ya kazi mhariri. Mimi ni kijana wa Mbagala, nimeanza kushabikia Villa Januari 2020 siku Mbwana Samatta aliposaini, na sijaondoka hata baada ya yeye kuondoka. Sasa kuna kikundi chetu cha mashabiki wa Villa, wapo kaka zangu wa zamani, kila tukikaa wanaanza kukumbushia msimu wa 2018/19 waliopanda daraja, mara timu ya Derby County, mara goli la nani sijui, wanacheka wenyewe wanatoa machozi wenyewe, mimi nikichangia naambiwa "wewe dogo hukuwepo". Naomba unieleze kulikuwa na nini, maana kama ni kupanda tu mbona kila mwaka timu tatu zinapanda?

JIBU: Mdogo wangu wa Mbagala, hao kaka zako wanakosea kukuambia hivyo na nitakuonyesha kwa nini, ila kwanza hadithi yenyewe maana ukiijua utakaa nao meza moja.

Mimi nimeanza na Villa enzi za Martin O'Neill, akina Agbonlahor na Carew, tulimaliza nafasi ya sita misimu mitatu mfululizo, 2008 hadi 2010, tukadhani ndo tunaenda juu. Kumbe. 2016 tukashuka na pointi 17, msimu mzima tumeshinda mechi tatu, yaani ilifika mahali Jumamosi ikikaribia naumwa tumbo. Huko chini tukakaa, 2018 tukafika fainali ya mchujo wa kupanda daraja pale Wembley tukafungwa na Fulham moja bila, na ile ndo ilituumiza kuliko hata kushuka, maana hela zilikuwa zimeisha. Kiangazi kile klabu ilishindwa kulipa kodi kwa wakati, mishahara ikawa wasiwasi, kiungo wetu Jack Grealish akakaribia sana kwenda Tottenham. Mwezi wa saba wakaja Nassef Sawiris yule Mmisri na mwenzake Wes Edens wakainunua timu, Grealish akabaki.

Halafu ligi ikaanza na mambo hayakukaa sawa. Oktoba 2 tukatoka sare ya 3-3 na Preston nyumbani, tukakosa penalti dakika za mwisho, na kabla ya mechi kuna mtu jukwaani alimrushia kocha Steve Bruce kabichi. Kabichi kabisa lile la sokoni! Kesho yake Bruce akafukuzwa. Akaja Dean Smith kutoka Brentford, na John Terry akiwa msaidizi wake, na hapa lazima nisimame kidogo kwasababu bila kumjua Smith hutoelewa kwa nini watu wanalia. Smith ni mtoto wa Villa, baba yake mzee Ron alikuwa mhudumu wa jukwaani pale Villa Park, wale wanaoelekeza watu na kulinda usalama siku ya mechi. Yaani mtoto wa mhudumu wa uwanja anarudi kuwa kocha wa uwanja ule ule. Sisi tuliokuwa tumechoka na makocha wanaokuja na kuondoka, tukaona sasa huyu ni wa nyumbani.

Ila hata yeye hakuanza kirahisi. Mwezi wa kumi na moja tukatoka 5-5 na Nottingham Forest, mshambuliaji wetu Tammy Abraham kafunga manne peke yake na bado hatujashinda, fikiria. Desemba Grealish akaumia, akakaa nje karibu miezi mitatu, timu ikalegea ikaganda katikati ya msimamo. Mwezi wa pili pale ukiniuliza ningekwambia msimu umeisha, na sikuwa peke yangu.

Machi 2 Grealish akarudi. Dean Smith akampa kitambaa cha unahodha dhidi ya Derby, tukawapiga 4-0 na zote kipindi cha kwanza, Hourihane mbili, Abraham moja, na ya mwisho ya Grealish ni ya kona, mpira umekuja juu yeye kasubiri nje ya boksi akaupiga voli haujagusa chini. Kutokea siku ile tukashinda mechi kumi mfululizo, tukavunja rekodi ya klabu iliyokuwepo tangu 1910. Kumi! Na sio kwamba zote zilikuwa laini, kwa Sheffield Wednesday ni sare mpaka dakika za nyongeza tukapiga mbili, kwa Rotherham tulikuwa nyuma na beki wetu Mings kashakula nyekundu, pungufu kumi, bado tukashinda 2-1.

Na ile ya Birmingham City, watani wetu wa jadi, Machi 10 kwao St Andrew's. Banda la mpira nililokuwa nakaa siku hiyo walikuwa wameweka Liverpool na Burnley, nani aweke ligi ya daraja la pili, kwahiyo mi nafuatilia kwenye simu pembeni, mara nasoma kwamba shabiki kaingia uwanjani kampiga Grealish ngumi kwa nyuma. Nikahisi moto kichwani. Mechi ikaendelea, kipindi cha pili nani kafunga goli pekee la mechi, Grealish mwenyewe, kakimbilia kwa mashabiki wetu wakammeza. Yule jamaa kesho yake kapewa kifungo cha wiki 14. Nilipiga kelele peke yangu kwenye banda la watu wa Liverpool wakadhani nimepata msiba.

Sasa nije kwako dogo. Samatta alikuja Januari 2020 kwasababu mshambuliaji wetu Wesley aliumia goti siku ya mwaka mpya. Lakini Wesley alinunuliwa kwasababu tulipanda. Goli la Samatta kule Bournemouth Februari 1, Mtanzania wa kwanza kufunga Ligi Kuu ya Uingereza, na kile kichwa cha kuruka Wembley dhidi ya Manchester City kwenye fainali ya kombe la ligi Machi 1, hivi vyote vinaanzia Mei 27, 2019, siku Villa waliposhinda fainali ya mchujo wakapanda. Wasingeshinda siku ile, Mbwana asingevaa ile jezi, na wewe usingekaa kwenye hicho kikundi. Msimu ule ni wako kama ulivyo wao, waambie nimesema mimi.

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni mke wa mtu, nipo Tanga. Mume wangu kila ikifika mwezi wa tano anatafuta video za penalti za Villa na timu moja ina jezi za mistari, anaziangalia usiku na anajua mwisho wake ila bado anashika kichwa. Mwaka juzi nilimkuta analia kabisa. Nisiwe muongo nilipata wasiwasi. Hii ni kawaida?

JIBU: Marahaba dada yangu. Ni kawaida na wala usiwe na wasiwasi, tena nakuomba ukae naye mwaka huu muangalie wote.

Hiyo timu ya mistari ni West Bromwich Albion, majirani zetu kule, na mechi ni nusu fainali ya mchujo. Utaratibu wao wakati ule ulikuwa timu mbili za juu zinapanda moja kwa moja, halafu wa tatu hadi wa sita wanacheza wao kwa wao kupata mmoja. Sisi tulimaliza wa tano kwa pointi 76. Mechi ya kwanza nyumbani tukashinda 2-1, ya marudiano Mei 14 kwao tukafungwa moja bila, jumla sawa, wao wakabaki kumi baada ya Brunt kulimwa nyekundu na bado hatukuweza kuwamaliza, ikaenda mpaka matuta. Kwetu huku ilishapita saa sita usiku, Ramadhani, wenye kufunga hata hawakulala wakasema wataunganisha na daku. Kipa wetu Jed Steer, kijana ambaye msimu ulipoanza hakuna aliyemhesabu, akadaka mbili za kwanza. Mbili za kwanza dada! Mwisho Tammy Abraham akaweka ya nne, 4-3.

Mimi nadhani mumeo halilii matuta. Analia yale yaliyofuata. Kabla ya fainali, Dean Smith alikwenda kumwona baba yake kwenye nyumba ya kulelea wazee, mzee alikuwa na ugonjwa wa kusahau, hawezi tena kumfuata mwanaye anavyozungumza. Smith alisimulia mwenyewe kwamba alimwambia mzee nikija kukuona tena nitakuwa kocha wa Ligi Kuu, na mzee akafumbua macho akatabasamu. Mwaka uliofuata, Mei 2020, mzee Ron akafariki kwa korona. Kwahiyo mtu wa Villa akiangalia zile penalti anamuona na yule mzee, na kama mumeo alipelekwa uwanjani na baba yake utotoni, muulize, nahisi utapata jibu refu kuliko hili langu.

SWALI: Mambo vipi, mimi shabiki wa Leeds nipo Mombasa. Nyinyi watu wa Villa mnajisifu sana na huo msimu ila mnasahau mlipewa goli la bure na kocha wetu Bielsa. Bila sisi mngepanda?

JIBU: Poa sana ndugu yangu, na nashukuru umeuliza kistaarabu.

Kwa wasiojua, Aprili 28, 2019 kule Elland Road, Jonathan Kodjia wetu kaanguka ameumia, wachezaji wetu wakasimama wakidhani mpira utatolewa nje, Leeds wakaendelea na Klich akafunga. Vurugu ikawa kubwa, El Ghazi akapewa nyekundu ambayo baadaye ilifutwa. Ndipo Marcelo Bielsa akawaamuru wachezaji wake watuache tufunge, Adomah akatembea na mpira mpaka golini, ikaisha 1-1. FIFA wakawapa tuzo ya uungwana mwaka ule na walistahili, mimi namheshimu Bielsa mpaka kesho kwa jambo lile, makocha wangapi wangethubutu?

Lakini tupige hesabu pamoja. Tulimaliza na 76. Toa ile pointi moja, tunabaki na 75. Derby wa sita walikuwa na 74, Middlesbrough wa saba 73. Bado tungekuwa wa tano vile vile. Waliofaidika siku ile ni Sheffield United, maana sare ile ndo ilithibitisha wamepanda. Nyinyi mkaenda kutolewa na Derby nusu fainali, hilo lilikuwa la kuumiza na sikucheki, sisi tulishaonja kule Wembley mwaka mmoja kabla. Na mlipopanda 2020 baada ya miaka 16 nilifurahi kweli.

SWALI: Fainali yenyewe uliangalia wapi? Na mchezaji bora wa msimu ule kwako nani? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Fainali ilikuwa Jumatatu, Mei 27, dhidi ya Derby wale wale tuliowapiga nne, kocha wao Frank Lampard. Ligi Kuu ilishaisha kwahiyo safari hii banda lilikuwa tupu na mwenye banda kaniwekea bila kubembelezwa sana. Saa kumi na moja jioni mpira umeanza. Tulikuwa watu sita, wanne wamefunga, mbele yetu kuna kisahani cha tende na chupa ya uji. Karibu na mapumziko Elmohamady akapiga krosi, El Ghazi akaruka mbele ya beki ukamgonga begani ukaingia. Sasa kipindi cha pili, giza linaanza kushuka, adhana ya magharibi inaadhiniwa msikiti wa jirani, mmoja wetu kashika tende anataka kuipeleka mdomoni, mpira ukapigwa ukagonga mtu ukapaa juu kama mnazi, kipa wa Derby katoka kauendea, John McGinn kamuwahi kwa kichwa. Mbili bila. Ile tende sijui iliangukia wapi. Tukala baadaye tumesimama, Derby walirudisha moja dakika ya 81 na zile dakika za mwisho hakuna aliyekaa. Wanasema mechi ile ilikuwa na thamani ya zaidi ya pauni milioni 170 kwa mshindi, ila pale bandani hakuna aliyewaza pauni.

Mchezaji bora, wengi watakwambia Grealish, na viatu vyake vile vilivyochakaa alivyogoma kubadilisha kwasababu vinamletea bahati. Wengine Abraham, mabao 25 ya ligi, hakuna mtu wa Villa aliyefika hapo tangu Andy Gray 1976/77. Kwangu mimi ni McGinn. Tulimtoa Hibernian kwa hela isiyofika pauni milioni tatu, alicheza Grealish alipokuwepo na alicheza Grealish alipokuwa kitandani, ile miezi mibovu ya baridi ambayo hakuna anayeisimulia yeye ndo alikuwa anakimbia.

SWALI: Nataka kumuonyesha mwanangu wa miaka tisa msimu huo, nianze na mechi gani? (Baba, Kigamboni)

JIBU: Usianze na fainali. Mtafutie kwanza ile ya Preston 3-3 aone jukwaa lilivyonuna, halafu Derby 4-0. Hiyo voli ya Grealish irudie mara mbili.