Waini inanukia mapera: vile nilijifunza kuionja na chakula chetu

Kwa miaka mingi nilikuwa nakunywa waini vile wengi wetu hapa Nairobi tunakunywa, harusini au bathdei ya mtu, trei inapita unachukua glasi, unasema tamu ama si tamu, basi. Halafu kuna siku nililipa pesa mingi sana kwa hoteli moja Westlands, nikaagiza Cabernet Sauvignon, waini nyekundu, na samaki wa kupaka aliyejaa nazi na pilipili, waini ikaletwa vuguvugu kama chai iliyosahaulika mezani, na kila nikimeza nasikia chuma mdomoni na pilipili inazidi kuwaka. Nikarudi nyumbani nikiwa nimeamua hiki kinywaji si cha watu wa chakula chetu. Nilikosea kabisa na ndio maana naandika haya.

Aliyenibadilisha ni mamangu. Alikuja kunitembelea kutoka ushago, nikawa nimefungua waini nyeupe ya Afrika Kusini, Sauvignon Blanc (jina ni la zabibu yenyewe), na yeye hata si mnywaji, akachukua glasi akainusa tu akasema, "Hii inanuka mapera. Yale yanaanguka kando ya mto yakiiva sana." Mimi nilikuwa nimesoma lebo ya nyuma ikitaja matunda ya Ulaya ambayo sijawahi kuyaona hata sokoni City Park, na mama kwa pumzi moja akapatia. Baadaye nikasoma nikakuta ni kweli tupu, baadhi ya vitu vinavyoipa hiyo zabibu harufu yake ndivyo vilivyo kwa mapera na kwa pasheni.

Kwa hivyo ushauri wangu wa kwanza, na kwangu ndio mkubwa kuliko yote: nusa kwanza, alafu tumia maneno ya nyumbani kwenu. Zungusha glasi kidogo, weka pua ndani, uliza umewahi kunusa hii wapi. Malbec, nyekundu ya Argentina, mimi naipata zambarau zile nyeusi zinazopaka ulimi rangi. Chenin Blanc, nyeupe, ina nanasi na kama asali kwa mbali. Shiraz, nyekundu, inanukia pilipili manga, na hapo pia si kujifanya, kuna kitu kinaitwa rotundone kiko kwa pilipili manga na kiko kwa hiyo zabibu pia. Ukishaita kitu kwa jina lako hukisahau tena, hata ukipewa glasi bila kuonyeshwa chupa unaijua.

Neno lingine tunalo tayari ni ukakasi. Ule ukavu unashika ulimi ukiuma ndizi mbichi, ama ukinywa chai ya rangi iliyokaa na majani mpaka ikawa nyeusi, ndio huo huo uko kwa waini nyekundu, unatoka kwa maganda na mbegu za zabibu. Peke yake unachosha mdomo. Lakini weka nyama yenye mafuta uone! Tulienda choma moja upande wa Ngong, tukamuuliza mwenyewe kama tunaweza kuja na chupa yetu akakubali kwa pesa kidogo ya kufungua, mbuzi akaletwa kwa ubao na ile chumvi pembeni. Nikachovya mbavu kwa chumvi, nikatafuna, nikapiga funda la Malbec, na ule ukakasi ukayeyuka kabisa, waini ikawa laini, nyama ikawa tamu zaidi, mpaka nikarudia mara tatu kuhakikisha si njaa. Protini na mafuta vinaushika ukakasi, na chumvi inapunguza uchungu. Hiyo chumvi ya ubaoni mtu asiidharau.

Kachumbari sasa ndio inasumbua. Ndimu na nyanya zina uchachu, na waini ikiwa na uchachu mdogo kuliko chakula inalala, inakuwa kama maji. Kama mezani kuna kachumbari nyingi nenda na Sauvignon Blanc. Pilipili ikiwa kali usiongeze waini yenye pombe ya asilimia 14 au 15, itawasha moto juu ya moto, tafuta nyeupe yenye utamu kidogo na iliyo baridi, hiyo ndio ningeagiza na yule samaki wa kupaka. Tilapia wa nyanya na dhania na ugali, Chenin Blanc bila kufikiria sana. Pilau napenda na Pinotage, zabibu ya Afrika Kusini kabisa, iliyozalishwa 1925 na profesa Abraham Perold kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsaut, ile midalasini na bizari zinaelewana nayo sana. Na mutura, tafadhali, nunua ile ya jioni ya mtaani ikiwa moto, ipeleke nyumbani mbio na ufungue Shiraz.

Kuhusu joto naomba unisikilize vizuri kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Watu wanasema nyekundu ni joto la chumba, lakini chumba wanachozungumzia ni nyumba za mawe za Ulaya, kama nyuzi 16 hadi 18. Fleti yangu mwezi wa Februari mchana hata nyuzi 26 inafika. Weka nyekundu kwa friji dakika 20 kabla ya kunywa. Nyeupe fanya kinyume, itoe kwa friji kama robo saa mapema, kwa sababu ikiwa baridi sana harufu inajificha na yale mapera ya mama hutayasikia.

Bei isikutishe. Ya boksi ni sawa kabisa kwa mtu wa glasi moja jioni, ule mfuko wa ndani unajikunja hewa haiingii, inakaa wiki kadhaa, wakati chupa ikishafunguliwa nahesabu siku tatu kwa friji. Na onja za kwetu. Nilipata Leleshwa kutoka Naivasha, jina ni la kile kichaka cha majani ya kijivu kinachonukia kule Bonde la Ufa, na kuinywa ukijua zabibu zimekua saa mbili hivi kutoka kwako ni hisia nyingine. Watanzania nao wana Dodoma, wanavuna mara mbili kwa mwaka.

Mahali pia panaingia kwa glasi, hilo nimeliona mwenyewe. Waini ninayoikumbuka kuliko zote niliinywa juu ya paa la fleti yetu, pale tunapoanika nguo, Julai, stima imepotea mtaa mzima, mimi na jirani yangu na bwanake tumejifunika mashuka ya Kimaasai. Glasi zilikuwa za maji. Jirani akaleta viazi karai moto na ukwaju, mimi nikaleta Chenin moja ya bei ya kawaida ambayo haikuhitaji hata friji kwa ile baridi. Uchachu ulikata mafuta ya viazi kila funda, ndege zinashuka kuelekea JKIA moja baada ya nyingine, hakuna mtu aliyeshika simu. Chupa moja ya mililita 750 inatoa glasi tano, sisi watatu ikatutosha mpaka stima ikarudi, na hakuna aliyehitaji kuendesha gari, kitu ambacho napanga mapema kila mara nikifungua chupa.

Mama anarudi mwezi ujao. Nimemwekea Shiraz, sitamwambia chochote kuhusu pilipili manga, nataka nisikie yeye ataiita nini.