Bastola kiunoni Texas: mimi naificha, na sababu ninazo

Mkuu mleta mada, umeuliza ukihamia Texas na grini kadi yako, ni bora bastola ionekane kiunoni au uifiche chini ya shati. Nipo Houston miaka mingi na leseni ninayo tangu 2017, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Sheria kwa ufupi: kubeba bastola wazi kuliruhusiwa kwa wenye leseni Januari 1, 2016. Tangu Septemba 1, 2021, mwenye miaka 21 asiyezuiwa kumiliki silaha halazimiki kuwa na leseni. Wewe ikate tu. Utakaa darasani, kisha utapiga risasi 50 kwenye shabaha, yadi 3, 7 na 15. Mimi nilijua siku ile kuwa mkono wangu unatetemeka.

Nilikuwa muuzaji kwenye kituo cha mafuta, zamu ya usiku. Kama saa tatu hivi akaingia jamaa na mguu wa kuku kiunoni, anataka kahawa tu. Mama mmoja kwenye foleni akamvuta mwanawe nyuma yake, akaacha maziwa kaunta, akatoka. Mimi kidole kilikuwa juu ya kitufe cha polisi, macho kwenye mkono wake wa kulia, mpaka alipofunika kikombe akaenda zake. Hakuwa na ubaya wowote. Sasa ningekuwa mimi, mweusi mwenye lafudhi ya Tanga, nani angenisubiri nifunike kikombe?

Dallas, Julai 7, 2016, askari watano waliuawa kwenye maandamano. Polisi wakaweka mtandaoni picha ya kijana mweusi aliyekuwa na bunduki begani, kihalali kabisa, wakamwita mshukiwa. Hakuwa amefyatua hata risasi moja.

Wanaosema ya wazi inamtisha jambazi, mimi nawaambia jambazi aliyejipanga ataanza na wewe.

Lakini mkuu, anayekuambia kuficha ni kinga anakudanganya. Siku moja kabla ya Dallas, kule Minnesota, jamaa mweusi, Philando Castile, alisimamishwa na polisi barabarani. Alikuwa na kibali, silaha haionekani, akamwambia askari kwa upole kwamba anayo. Akapigwa risasi ndani ya gari, mchumba wake yupo pembeni na mtoto kiti cha nyuma. Askari alishtakiwa, na 2017 akaachiwa huru. Hili bado linaniuma.

Kwa hiyo naficha ili nipunguze macho ya watu, basi. Nikisimamishwa usiku nazima injini, nawasha taa ya ndani, mikono juu ya usukani, vidole vimetanuka. Namwambia nina leseni, silaha ipo mahali fulani, nasubiri aniambie nifanye nini. Leseni zote mbili, ya gari na ya bastola, huwa nimeshaziweka juu ya dashibodi kabla hajafika dirishani, ili nisiwe na sababu ya kupeleka mkono mfukoni.