Skani ikisema tezi ni safi, uliza tena

Ukiambiwa saratani ya mapafu iko hatua ya kwanza na tezi za limfu (vifundo vya kinga ambako saratani huweza kusambaa) ni safi, shukuru Mungu, halafu uliza: safi kwa kipimo gani? Nimemuuguza dada yangu, na swali hilo lilitufaa kuliko yote.

CT skani hupima ukubwa. Tezi yenye upana usiozidi milimita 10 huhesabiwa ya kawaida, ilhali seli za saratani zinaweza kujificha humo humo. PET skani huangalia jinsi seli zinavyofyonza sukari. Nayo hupitwa na vijichembe vidogo, na mara nyingine tezi huwaka, yaani huonekana angavu kwenye picha, kwa sababu ya kifua kikuu tu. Ndiyo maana madaktari huusoma uvimbe wenyewe. Daktari wa upasuaji alituzungushia mshale kwenye kioo cha kompyuta, juu ya lile doa: jeupe, gumu tupu, halina ukungu pembeni. Doa la ukungu mtupu, alisema, ni nadra kufika kwenye tezi. Lililo gumu, lililozidi sentimita 2, lililo karibu na njia kuu za hewa au linalowaka sana kwenye PET, hilo wanalitilia shaka. CEA, protini inayoweza kuashiria saratani, ikiwa juu kwenye damu, shaka huongezeka.

Siku hizi zipo programu zinazojumlisha hayo yote na kutoa asilimia. Mimi naona zinasaidia kupanga, basi. Zimefundishwa kwa wagonjwa wa kwingine, na wako huenda hafanani nao.

Shaka ikiwa kubwa, ulizeni kuhusu EBUS kabla ya kisu: mpira mwembamba wenye ultrasaundi hupitishwa kooni, sindano ikachukua sampuli ya tezi kupitia ukuta wa njia ya hewa. Dada alikohoa jioni nzima, ila alilala nyumbani. Majibu yakawa safi.

Hata hivyo, kabla ya upasuaji tulimuuliza daktari: utatoa tezi za vituo vingapi, yaani za sehemu ngapi za kifua? Kiwango cha Marekani ni angalau vituo 3 vya katikati ya kifua na 1 penye mzizi wa pafu. Anayepangiwa mionzi badala ya upasuaji aulize mapema zaidi, maana kwake hakuna tezi itakayotolewa ikapimwe.

Baada ya upasuaji, tezi moja ya dada ilikutwa na seli za saratani: ndogo, ya ndani ya pafu lenyewe. Akahesabiwa hatua ya pili, akaongezewa kemo. Ombeni nakala ya ripoti ya patholojia, yaani majibu ya maabara ya uvimbe na tezi zilizotolewa. Kila daktari mpya huanza kwa kuiulizia.