Isome kwa Sauti Kwanza: Maswali na Majibu ya Jukwaa

Mengi ya maswali yaliyofika safari hii yanahusu kuchagua: tamthiliya gani, monologi (maneno marefu ya mhusika mmoja) gani, kikundi kidogo kifanye nini. Nimeacha yale ya "nifanyeje niwe maarufu".

Naomba unitajie tamthiliya mpya nzuri. (Msomaji, Magomeni, Bagamoyo)

Nzuri kwa nani? Niandikie tena na uniambie mambo matano: waigizaji wangapi, umri wao, dakika ngapi, mtaigizia wapi, na nani atakaa kutazama. Bila hayo, jina lolote nitakalokutajia ni sawa na kukuuzia mbuzi kwenye gunia. Nalisema hili kila mara, na kila mara swali linarudi vilevile.

Tuko watano Chumbageni, Tanga: wanawake wanne na mwanamume mmoja. Tuna ukumbi wa shule na muda wa saa moja. Tunataka kitu cha sasa, si cha enzi za vijiji vya ujamaa. (Katibu wa kikundi)

Hivi ndivyo swali linavyoulizwa. Anzeni na *Bembea ya Maisha* ya Timothy Arege (2020). Ni nyumba na ndoa, mke mgonjwa, mume aliyezoea kuhudumiwa, na mabinti waliokwisha kuwa watu wazima. Haidai mapambo: viti vitatu, meza, sufuria na kanga vinatosha. Mazungumzo yake ni ya watu waliokaa sebuleni, na hapo ndipo penye hatari. Waigizaji wengi wakishakalia kiti hawainuki tena, na onyesho linageuka kikao cha ukoo. Kila ukurasa mpeni mtu kazi ya mikono: kuchambua mchele, kukunja nguo, kutafuta dawa. Mwigizaji mwenye kazi mkononi hahubiri.

Hesabu yenu ya wanaume haitatosha, kwa hiyo chukueni karatasi. Mistari ya kulala iwe wahusika, ya kusimama iwe maonyesho. Tieni alama kila mhusika anapotokea. Wahusika wawili wasiokutana kabisa, na walioachana kwa angalau kurasa mbili, wanaweza kupewa mtu mmoja. Kurasa mbili ndizo zinazompa muda wa kubadili maleba, yaani mavazi ya jukwaani, bila kuingia akihema. Na mwanamke akicheza mwanamume, msimvishe ndevu za pamba. Abadili mwendo na namna ya kukaa. Hadhira itamkubali ndani ya dakika moja.

Kitabu kizima hakitaingia katika saa moja. Ombeni ruhusa ya kupunguza, kisha ondoeni onyesho zima moja au mawili. Mkinyofoa sentensi moja hapa na moja pale, mtabakiwa na majibu yasiyo na maswali.

Mmoja wenu alinidokeza kwamba mnaitamani pia *Nguzo Mama* ya Penina Muhando (1982). Iacheni mpaka mfike kumi. Nguzo inayosimamishwa na wanawake inataka miili mingi inayovuta, inayogombana na kuchoka. Mkiwa watano itaonekana ni mti wa kufungia mbuzi. Wala msiidharau kwa kuwa ni ya 1982. Tamthiliya ambayo mji wenu haujapata kuiona jukwaani ni mpya kwa mji huo. Ninachokiona ni watu kukimbilia jalada jipya ilhali za zamani wamezisoma tu, tena kwa penseli mkononi, wakitafuta dhamira.

Shikamoo mwalimu. Nina usaili wa chuo cha sanaa, wanataka monologi ya dakika mbili. Nichukue ipi? (Mwanafunzi, Kaole)

Marahaba. Sitakupa jina, maana nikilitaja hapa watakuja ishirini na kipande hichohicho. Nitakupa njia ya kukipata chako.

Chukua tamthiliya tatu, usome nzima. Nasema nzima kwa sababu jopo likikuuliza "huyu anatoka wapi, na baada ya hapa anafanya nini?" na ukakaa kimya, usaili umekwisha. Tafuta mahali ambapo mhusika anasema kwa kirefu bila kukatizwa. Kisha pima kwa maswali matatu: anamwambia nani? Anataka nini kwa mtu huyo, sasa hivi? Ni sentensi ipi inayomfanya abadili mbinu? Kipande kisicho na jibu la swali la tatu kitupe, hata kama maneno yake ni matamu. Hicho ni hotuba. Sehemu za msimulizi nazo ziogope: msimulizi anajua kila kitu na hataki chochote, kwa hiyo hakuna cha kuigiza.

Urefu: mwigizaji asiyekimbia husema karibu maneno 100 ya Kiswahili kwa dakika. Dakika mbili basi ni maneno 180, ukibakiza nafasi ya kunyamaza. Ukileta 300 utakimbia, na watakukatiza kabla hujafika kwenye badiliko ulilolitegemea.

Usijifunge kwa jinsia. Kiswahili kinasema "alikuja" kwa mwanamke na kwa mwanamume, kwa hiyo vipande vingi vilivyoandikwa kwa baba vinakaa vizuri mdomoni mwa binti baada ya kubadili maneno mawili matatu. Ni neema ya lugha yetu, na waigizaji wachache wanaitumia.

Mazoezi: siku tatu za kwanza soma kwa sauti ukiwa umekaa, bila hisia yoyote, mpaka kila neno lisikike kwa mtu aliyesimama hatua kumi na tano. Siku ya nne simama. Weka alama ukutani, urefu wa macho, na huyo ndiye unayesema naye. Usiwakodolee macho wajumbe wa jopo. Wanaandika, utawasumbua nawe utayumba. Kabla ya neno la kwanza nyamaza kwa pumzi mbili. Baada ya la mwisho ganda kwa pumzi moja, kisha sema ahsante.

Makosa yanayojirudia ni mawili. La kwanza ni kuanza kwa kupiga kelele. Ukianzia juu huna pa kupanda, na sekunde ya thelathini jopo limechoka. La pili ni kumeza silabi ya mwisho. Mkazo wetu unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo ya mwisho hufifia yenyewe, na mtu mwenye machozi huipoteza kabisa. Tazama "ameacha" na "ameachwa": aliyetenda na aliyetendwa wanatofautishwa na hiyo silabi uliyoimeza. Na machozi yenyewe si kipimo. Anayezuia kilio huwagusa watu kuliko anayelia.

Nitumie PDF ya tamthiliya ya Mstahiki Meya na ya Kigogo. (Wasomaji saba, sehemu mbalimbali)

Sitatuma. Nunueni, au muende maktaba. Waandishi wako hai na wanakula kwa kazi hiyo.

Je, tukiigiza hotuba ya Antonio kutoka Juliasi Kaizari tunahitaji ruhusa? Shakespeare si amekufa zamani? (Mwalimu wa sekondari, Pangani)

Shakespeare ni huru, tafsiri si huru. Maneno mtakayoyasema ni ya Mwalimu Nyerere. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 1999 inalinda kazi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada yake. Nyerere alifariki Oktoba 1999, kwa hiyo tafsiri hiyo inalindwa mpaka mwisho wa 2049. Kuisoma darasani kwa kufundishia ni jambo jingine. Mkiitoa ukumbini kwa kiingilio, andikieni mchapishaji, wala msingoje wiki ya mwisho. Barua iseme jina la kazi, sehemu mnayotaka, tarehe, idadi ya maonyesho, idadi ya viti na kiingilio. Barua isiyo na hayo hairudi na jibu.

Tunataka kuigiza ufukweni Bagamoyo, hewani, bila vipaza sauti. Tuangalie nini?

Upepo, jua, maji na adhana.

Alasiri upepo hutoka baharini kuelekea nchi kavu. Basi waigizaji wawe upande wa bahari na hadhira iwe upande wa mji, ili upepo uwabebee sauti. Wengi hufanya kinyume, wakitaka watazamaji waegemee bahari wapate ubaridi, halafu wanashangaa safu ya tatu haisikii. Kwa mpangilio huu jua la saa kumi na nusu liko nyuma ya hadhira na linawamulika waigizaji usoni. Ni taa ya bure. Asubuhi mpangilio uleule ni balaa: jua linatoka baharini na watazamaji wanakunja nyuso tu.

Safu ya mwisho isizidi hatua kumi na tano kutoka kwa waigizaji. Watazamaji wakae nusu duara, mbele mikeka, kati mabenchi, nyuma wasimame. Kusi ikivuma kwa nguvu, punguzeni ziwe hatua kumi.

Maji: tarehe ipangeni kwa jedwali la kupwa na kujaa, si kwa kalenda ya ukutani peke yake. Kila siku kujaa husogea mbele kwa kama dakika 50, kwa hiyo mazoezi ya Jumatatu kwenye mchanga mkavu hayawaambii chochote kuhusu Jumamosi. Siku za bamvua maji hupanda kuliko kawaida, na mlio wake unaziba herufi za *s* na *f* zote. Chagueni siku maji yanapokupwa saa za onyesho.

Tena anzeni saa kumi na nusu jioni kamili, mmalize kwa dakika 60. Mkichelewa saa moja mnaweza kuingiliana na maghribi, na mwigizaji atakuwa katikati ya kilele huku nusu ya hadhira inainuka kwenda kuswali. Watu hao hawajakosea. Aliyekosea ni aliyepanga.

Tumepewa kazi ya kuandaa igizo lenye ujumbe kuhusu mimba za utotoni. Tupe andiko fupi. (Kikundi, Handeni)

Sina andiko la ujumbe na sitaki kuwa nalo. Mmezoea igizo ambalo dakika ya kumi daktari anaingia na kueleza kila kitu, watu wanapiga makofi, wanakunywa soda, wanarudi nyumbani walivyokuja. Andikeni onyesho moja: binti, mama yake, na fungu la nauli ya kwenda shule lililotumika kwa jambo jingine. Asitokee mtaalamu. Mkatize pale ambapo mama anatakiwa kujibu na hana jibu, kisha iulizeni hadhira mama afanye nini. Wakipendekeza, mwigizaji aliigize pendekezo lao palepale. Mtaona watu wanavyobishana. Anayetoa fedha akidai daktari awemo, mwonyesheni onyesho hilo kwa dakika kumi kabla hamjakubali.

Kuna igizo la mtu mmoja la Kiswahili ambalo si la kutafsiri?

Lipo tangu 1976. *Ngao ya Jadi* na *Jogoo Kijijini* za Ebrahim Hussein, katika kitabu kimoja, ni kazi za mtambaji (msimulizi wa hadithi) mmoja kwa lugha ya kishairi. Si za kuanzia. Mashairi yake yanataka pumzi, na msomaji wa haraka haelewi nani anasema.

Ukiandika lako, igizo la dakika 40 lina maneno kama 3,200 ukitoa nyimbo na vimya. Kariri 150 kwa siku, asubuhi, na jioni urudie yote ya nyuma. Siku 22 umemaliza. Kisha wiki mbili za mazoezi ya mwili. Maji ya kunywa yawe kwenye mtungi au kikombe cha mhusika, unywe ukiwa ndani ya igizo. Na hadhira ya pwani hujibu. Ukisema "Paukwa", wataitika "Pakawa", na hawataishia hapo. Acha matundu matatu manne kwenye maandishi ya kupokea majibu yao, maana mwigizaji aliyekariri bila matundu hupotea mtu wa kwanza anapomjibu.

Darasa langu la watu 48 linachoka na Ngoswe. Nifanyeje? (Mwalimu, Muheza)

*Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe* ya Edwin Semzaba ni tamthiliya, nao wamechoka kuchambua kitabu kisichosimama. Vipindi viwili mfululizo ni dakika 80. Gawa makundi sita ya wanane, kila kundi kurasa tatu. Dakika 10 wasome kwa sauti wakiwa wamesimama, 25 wafanye mazoezi nje chini ya mwembe, kisha kila kundi dakika 4 za kuonyesha. Zinabaki dakika 21 za kuzungumza, na hapo maswali ya mtihani yatajijibu. Kundi moja lipewe pale karatasi za sensa zinapoteketea. Atakayesimama kama Ngoswe, karani wa sensa, akitazama kazi yake inakuwa majivu, mbele ya wenzake wanaomwangalia, hatahitaji kukariri maana ya uzembe.

Tunahitaji kibali cha serikali kuigiza hadharani?

Ndiyo. Ipo Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976. Anzeni kwa afisa utamaduni wa halmashauri, mkiwa na andiko zima mkononi, mwezi mmoja kabla. Msiende na muhtasari.

Mwandishi ameweka maelezo mengi ya jukwaani kwenye mabano. Lazima tuyafuate?

Yale yanayobadili tukio, ndiyo: anaingia, anaficha barua, anakufa. Yale ya "kwa huzuni" na "kwa hasira" yafuteni kwa penseli kabla hamjagawa nakala, mwigizaji aitafute huzuni yake mwenyewe. Tena tumieni penseli, msitumie kalamu ya wino, kwa sababu wiki ya tatu mtagundua mawili kati yake mwandishi alikuwa sahihi.