Maswali ya wasomaji: Kinyago, wimbo na askari aliyerudi nyumbani

*Mume wangu ni Mkenya aliyetumikia jeshi la Marekani na kwenda Afghanistan mara 2. Usiku hapati usingizi, na mlango ukibamizwa anaruka. Hospitali ya maveterani imempangia tiba ya sanaa, aanze kwa kutengeneza kinyago. Amegoma, anasema yeye si mtoto wa chekechea. Nimwambie nini?*
— Mama Watoto, Minneapolis

Dada, usibishane naye. Mwambie tu kwamba wanajeshi walio kazini hadi leo wanaifanya kazi hiyohiyo. Katika kituo cha NICoE, kilichofunguliwa mwaka 2010 kwenye hospitali ya kijeshi ya Bethesda, Maryland, wenye jeraha la ubongo na kiwewe hupitia programu ya wiki 4, na kinyago ni kati ya kazi za mwanzo. Aliyenusurika mlipuko mara nyingi hubaki na picha, harufu na mshtuko wa mwili, lakini maneno yanamkwama. Ukimwuliza "ilikuwaje?" anajifunga. Ukimpa uso mtupu wa karatasi, mkono unatangulia na mdomo unafuata siku yake.

Ajue pia atakachokikuta. Atapewa kinyago cheupe cha karatasi kilichokwisha kukauka, rangi za akriliki za kuchanganya na maji, brashi, gundi nyeupe, nyuzi, vitambaa na waya laini. Kikao kizuri huchukua saa 2. Rangi ya akriliki ikipakwa nyembamba hukauka kwa dakika 20 hadi 30. Ikipakwa nene hubaki mbichi, tabaka la pili linaivuruga, na mtu mwenye hasira za karibu anaweza kukiponda kinyago chote. Akikiponda, mtaalamu hamkemei. Vipande vinawekwa kwenye boksi, na mara nyingi ndivyo vinavyorudiwa wiki inayofuata.

Kuna mambo ya kuuliza kabla hajaenda. Je, wanapaka plasta usoni kwa mtu? Kwa mwenye kiwewe hapana: plasta hupata joto inapoganda, na kufunikwa macho na mdomo kunaweza kumrudisha palepale alipookolewa. Je, wanatumia rangi za mafuta na tapentaini? Harufu kali huamsha kumbukumbu na kichwa kinauma, hasa kwa aliyeumia ubongo. Taa za mirija zinazopepesa nazo zizimwe. Kiti chake kiwe na ukuta nyuma na mlango mbele ya macho. Mashine ya kukaushia nywele, ikitumika kukaushia rangi, isiwashwe bila kumwambia. Dakika 15 za mwisho ziwe za kuosha brashi na kushusha pumzi, maana mtu akitolewa chumbani kidonda kikiwa wazi, usiku huo hatalala kabisa.

Nyumbani kazi yako ni ndogo lakini ngumu. Usikifasiri. Nyekundu si lazima iwe damu. Usikisifu pia, ukisema "kizuri!" umegeuza tiba kuwa mtihani, na kesho atachora cha kukufurahisha wewe. Sema, "Niambie kuhusu hiki," kisha unyamaze. Akikaa kimya, na wewe kaa. Usikipige picha na kuituma kwenye kundi la ukoo. Dawa zake asiache bila daktari. Sanaa inafanya kazi pamoja na matibabu mengine. Na akianza kusema hataki kuishi, pigeni 988 kisha mbonyeze 1, saa yoyote.

*Kaka yangu mstaafu aliumia kichwa upande wa kushoto. Anaelewa kila kitu, ila neno halitoki. Ajabu, nyimbo za kanisani anaimba mpaka beti la mwisho!*
— Dada yake, Texas

Hiyo dalili ni ya kutia moyo. Afasia (kupotewa na usemi kwa sababu ya jeraha la ubongo) ya namna hii, ya kuelewa bila kuweza kusema, ina tiba ya kughani iliyoelezwa mwaka 1973 na wataalamu wa hospitali ya maveterani ya Boston. Muulizeni mtaalamu wa usemi kama inamfaa, kisha mfanye mazoezi nyumbani.

Keti mkitazamana. Shika mkono wake wa kushoto, ugonge mezani mara moja kwa kila silabi, taratibu, kama silabi 1 kwa sekunde. Sauti ni mbili tu, ya chini na ya juu, na ya juu huangukia penye mkazo. Hapa Kiswahili kinatubeba, kwa kuwa mkazo wetu kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: na-TA-ka CHA-i. Kwanza unaimba kwa mguno bila maneno. Halafu mnaghani pamoja. Halafu unafifisha sauti yako katikati, yeye amalizie. Halafu anarudia peke yake. Mwisho unamwuliza, "Unataka nini?" Akikwama, rudi hatua 1 nyuma, usimsukume.

Anza na maneno mafupi anayoyahitaji kweli: maji, nakuja, nina njaa. Kosa la wengi ni kuyatia kwenye wimbo anaoujua. Ulimi utateleza na kufuata maneno ya wimbo, na maji hataomba. Mtaalamu asiyejua Kiswahili mwandikieni sentensi 10 mkikata silabi na kupigia mstari zenye mkazo. Wanaopokea karatasi hiyo kwa shukrani ni wengi kuliko mnavyodhani.

*Napiga gitaa. Nikijitolea hospitalini nitakuwa natoa tiba ya muziki?*
— Msomaji, Milwaukee

Hapana, ndugu, na jina hilo usilitumie. Marekani, mtaalamu wa tiba ya muziki ana digrii, mafunzo ya vitendo yasiyopungua saa 1,200 na mtihani wa taifa. Lakini kufundisha gitaa ni msaada wa kweli. Hapohapo mjini kwenu, mwaka 2007, ndipo lilipoanzia shirika la Guitars for Vets: mkongwe hupewa masomo 10, mwalimu mmoja kwa mwanafunzi mmoja, na akimaliza anakabidhiwa gitaa lake. Waombe nafasi ya ualimu. Somo la kwanza legeza nyuzi kidogo, mpe kodi (sauti za nyuzi kadhaa zinazopigwa pamoja) zisizozidi 2, na kila mara mwambie kabla hujagonga mbao kumwonyesha mapigo.