Re: Jarida limekubali makala yangu kwa dola 150, nilipe?

Mkuu, usilipe. Hilo lina dalili za jarida la kitapeli, linalochukua ada bila kuhakiki makala. Na kama hujasaini fomu ya hakimiliki, usisaini.

Unasema jarida lilikutafuta lenyewe kwa barua pepe, likaikubali makala yako ya seli T (seli za kinga) za watoto wenye malaria wa Bahi, Dodoma, ndani ya siku tano, na unataka itoke upesi ili h-index (kipimo cha jinsi kazi za mtafiti zinavyonukuliwa) ipande kabla hujaomba kupandishwa cheo. Kisha unauliza namna ya kuunganisha ORCID (namba ya utambulisho ya mtafiti) na Google Scholar (huduma ya Google ya kutafuta makala za kitaaluma). ORCID isubiri.

Dola 150 ndiyo hasara ndogo kabisa hapo. Kubwa ni data. Damu ile imetoka mishipani mwa watoto, ikawahishwa maabara mjini, ikazungushwa kwenye sentrifuji juu ya Ficoll (kimiminika cha kutenganisha seli za damu), ule utando mwembamba wa seli ukanyonywa kwa pipeti na kugandishwa kwenye nitrojeni ya kimiminika. Seli ulizokwisha kuziyeyusha, kuzitia rangi na kuzipitisha kwenye saitometa, mashine ya kuzihesabu na kuzipima, hazirudi. Hata ukimfuata mtoto yuleyule msimu ujao, kinga yake imeshabadilika. Matokeo hayo yakichapwa na matapeli, jarida la kweli halitayapokea, maana kwao huko ni kuchapisha mara mbili. Ukiomba waiondoe, watakudai ada ya kuiondoa au watanyamaza tu. Na anayefanya mapitio ya tafiti za malaria huanzia MEDLINE, hifadhidata ya makala za majarida ya tiba yaliyochujwa. Asipokuona huko, hakunukuu.

Makala ya wanasayansi Katalin Karikó na Drew Weissman kuhusu RNA iliyorekebishwa (RNA ni molekuli inayobeba maagizo ndani ya seli) ilitoka mwaka 2005 kwenye jarida la Immunity. Miaka mingi haikuvuma, lakini ilikuwa mahali inapopatikana, na mwaka 2023 kazi hiyo ikawapa Nobel.

Wanaonikera kuliko matapeli ni wakubwa wa kazini wanaowaambia vijana "mradi lina ISSN na lipo Google Scholar, tuma." ISSN ni namba ya utambulisho tu, haipimi ubora. Google Scholar huokota karibu chochote chenye sura ya makala. Na hiyo "Global Impact Factor" waliyokuandikia siyo Impact Factor ya Clarivate, kampuni inayokokotoa kipimo hicho cha nukuu za jarida. Ile halisi huchukua nukuu za mwaka mmoja kwa makala za miaka miwili iliyotangulia, ikagawa kwa idadi ya makala hizo: nukuu 600 kwa makala 200 ni 3. Jarida lililoanza mwaka jana hiyo miaka miwili limeitoa wapi?

Kanuni ni moja: usitume kitu kabla hujalikuta jarida kwa macho yako kwenye katalogi ya NLM, maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani. Tafuta kwa jina, soma mstari wa hali ya sasa ya kuorodheshwa, uone kama limo MEDLINE. Kuona makala zake mbili tatu PubMed, tovuti ya NLM ya kutafuta makala, hakutoshi, kwani PubMed hubeba pia nakala ambazo waandishi wameziweka wenyewe kwa masharti ya wafadhili. Kisha ingia tovuti ya jarida kupitia katalogi, kamwe si kupitia kiungo cha barua pepe, maana kuna tovuti zinazoiba jina na ISSN za jarida halali. Kama halimo MEDLINE, litafute DOAJ, orodha ya majarida yaliyokaguliwa yanayosomwa bure. Kote hakuna? Achana nalo.

Leo hii waandikie kwamba unaondoa makala, kabla haijapandishwa mtandaoni, na utunze nakala ya barua. Usiitume kwingine mpaka wathibitishe kwa maandishi. Ukipata jarida la kweli, omba msamaha wa ada wakati uleule wa kutuma. Wachapishaji wengi hawasikilizi ombi makala ikishakubaliwa. Tangu 2020 Tanzania imo kundi la kipato cha kati cha chini, kwa hiyo wengine watakupunguzia tu, hawatakusamehe ada yote.

Hiyo h-index unayoikimbilia, ukiwa na 5 maana yake makala zako tano zimenukuliwa walau mara tano kila moja. Makala isiyoonekana haiongezi kitu hapo.

Halafu kibali cha kuchapisha matokeo kutoka NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, unacho? Hujakitaja. Weka hapa jina la jarida na ISSN waliyokupa, tuliangalie.