Maswali na majibu: Kamera, rangi na antioksidanti za mimea ya dawa

Barua za safari hii karibu zote zinahusu simu, kamera na mimea ya dawa. Nimechagua zile zitakazowafaa wengi.

Swali: Ni programu gani ya simu inayopima antioksidanti nikipiga picha jani bichi?

Hakuna. Nimeshalijibu swali hili, na linarudi kila mara kwa maneno yale yale. Antioksidanti ni vitu vinavyozima molekuli haribifu ziitwazo radikali, na kamera huona rangi tu. Vitamini C haina rangi. Asidi ya galiki, antioksidanti ya mimea, ikiyeyushwa haina rangi. Ukijani wa jani unakupa habari za klorofili, basi. Ndiyo maana tunatumia kemikali inayobadilika rangi ikikutana na antioksidanti, kisha tunapima badiliko lenyewe. Anayekuuzia programu ya kulitazama jani na kukupa namba anakula pesa yako bure.

Swali: Natumia DPPH, radikali ya zambarau ya kupimia antioksidanti. Kwenye picha nichukue chaneli ipi: nyekundu, kijani au bluu?

Kijani. DPPH ni ya zambarau kwa sababu inafyonza mwanga wa kijani, na kilele chake kiko karibu na nanomita 517. Antioksidanti ikiipa hidrojeni au elektroni, zambarau hufifia kuelekea manjano na mwanga wa kijani huanza kupita. Kwa hiyo thamani ya kijani kwenye picha inapanda. Kwa Folin-Ciocalteu, kemikali nyingine ya kipimo, inayotoa bluu, chukua nyekundu. Spektrofotomita, mashine ya maabara ya kupima mwanga unaofyonzwa, kwa kawaida huisoma kwenye nanomita 765, eneo ambalo kamera ya simu imezibwa isilione vizuri, lakini ufyonzaji wa bluu ile ni mpana na unaingia hadi kwenye nyekundu inayoonekana.

Usigeuze picha kuwa ya kijivu. Ukifanya hivyo unachanganya chaneli yenye habari na zile zisizokusaidia kitu.

Halafu, thamani ya pikseli si ufyonzaji wa mwanga. Gawanya thamani ya kisima (kitundu cha sahani ya maabara) chenye kimumunyisho kitupu kwa thamani ya sampuli, kisha chukua logi ya msingi wa 10. Hapo tu ndipo unapata kitu kinachofanana na kile ambacho spektrofotomita ingekupa. Nasema kinachofanana, kwa kuwa picha ya JPEG imeshapindishwa ili ipendeze machoni, na ngazi zake ni 256 tu kwa kila chaneli. Kama simu yako inahifadhi picha ghafi, tumia hiyo. Na thamani zikikaribia 0 au 255 zitupe, hazina habari ndani yake.

Hukuniuliza, lakini nakwambia: weka Trolox (antioksidanti ya kulinganishia, jamaa ya vitamini E) au vitamini C ya viwango vitano au zaidi kwenye sahani ile ile, ndani ya picha ile ile, uchore mstari wa kulinganishia. Kazi ninazosoma zisizo na mstari huo ni nyingi mno. Namba zake ni sawa na kupima uzito kwa mizani isiyo na mawe.

Swali: Sampuli ile ile asubuhi inatoa jibu moja, jioni jingine. Kemikali imeharibika?

Huenda, kwa sababu myeyusho wa DPPH unaharibika ukikaa kwenye mwanga; uweke gizani na utengeneze mpya kila siku ya kazi. Lakini mshukiwa wangu wa kwanza ni simu yako. Simu za leo hurekebisha mwangaza na weupe zenyewe bila kukuuliza, na mwanga wa dirishani hubadilika kila wingu linapopita. Tengeneza sanduku lililofungwa, lenye taa za LED na karatasi nyeupe isiyong'aa ya kutawanya mwanga. Funga mwangaza, funga weupe, funga umbali, zima flashi. Piga picha dakika ile ile baada ya kuchanganya, wengi hutumia ya 30, maana zipo antioksidanti za haraka na za polepole. Visima vya pembeni huingiwa na kivuli, hivyo usipange sampuli zote za mmea mmoja upande mmoja.

Skana ya mezani inaondoa nusu ya matatizo haya. Nashangaa watu wanavyoidharau.

Swali: Nitumie programu gani ya kompyuta kusoma rangi?

ImageJ. Ni ya bure, na imetumika maabara tangu miaka ya 1990.

Swali: Mmea wangu una IC50 kubwa kuliko vitamini C. Je, una nguvu zaidi?

Kinyume chake: IC50 ni kiwango cha dondoo kinachozima nusu ya DPPH, hivyo ndogo ndiyo yenye nguvu.

Swali: Dondoo la rosela ni jekundu sana na DPPH inaonyesha ni dhaifu. Kwa nini?

Hili ni swali zuri, na naomba wengine wajifunze kuuliza hivi. Wekundu wa rosela unatokana na anthosianini, rangi za asili za mimea, ambazo hufyonza mwanga karibu na nanomita 520, pale pale panaposomwa DPPH. Zambarau imeondoka, wekundu umebaki, na kamera haina njia ya kuvitenganisha. Kwa kila kiwango cha dondoo andaa kisima kisicho na DPPH, kisha toa ufyonzaji wake. Toa ufyonzaji, usitoe pikseli kwa pikseli. Kosa hilo nimeliona hata kwenye tasnifu zilizopita. Dondoo la manjano lina shida kama hiyo kwenye chaneli ya bluu, na majani mabichi huleta klorofili. Ukiweza kulizimua dondoo, lizimue.

Swali: Mmea wangu umeongoza kwa DPPH kati ya yote niliyopima. Naweza kuandika kwamba unatibu saratani?

Huwezi. Ulichoonyesha ni kwamba kitu fulani ndani ya dondoo lako kimefifisha rangi ya kemikali isiyokuwepo mwilini. Hukuonyesha kama kinapenya utumbo, ini litakifanyia nini, wala kama kinafika kwenye seli. Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa orodha yake ya ORAC ya vyakula, yaani namba za kipimo cha maabara cha antioksidanti, kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wakizitumia namba za maabara kuahidi afya ambayo hazikuithibitisha.

Yapo na mabaya zaidi. Beta-karotini ni antioksidanti, na nchini Finland ilijaribiwa kwa wavutaji sigara wanaume zaidi ya 29,000. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1994, waliopewa vidonge vyake walikuwa wamepata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Jaribio jingine la Marekani lilisitishwa mapema mwaka 1996 kwa sababu ya aina hiyo hiyo. Mgonjwa atakayesoma sentensi yako anaweza kuacha dawa zake. Andika: "dondoo lilionyesha uwezo wa kuzima radikali ya DPPH," taja kiwango kwa kulinganisha na Trolox, taja jina la kisayansi la mmea na sehemu uliyotumia, na ukomee hapo.

Swali: Dondoo la methanoli lililobaki baada ya kipimo linaweza kunywewa, maana ni dawa ya asili?

Hapana, hata tone. Methanoli hupofusha na huua. Liandike jina, liweke kwenye chombo cha taka za kemikali, na usilimwage kwenye sinki.